Stesheni Ipi, Mzee?

Leo nilivaa koti, naomba hilo lieleweke kwanza. Mtu wa Pugu haamki saa kumi alfajiri akavaa koti hivi hivi. Nilikuwa naenda Morogoro kupeleka posa ya mpwa wangu. Mshenga. Nikaita bodaboda, "Stesheni." "Buku mbili, mzee wangu." Sikubishana. Mwenye koti habishanii buku.

Kijana kanishusha kwenye reli ya Mjerumani.

"Umenileta wapi?"

"Stesheni."

"Ya umeme, bwana!"

"Hukusema ya umeme. Halafu hapa pote Stesheni, mzee. Kata nzima inaitwa Stesheni."

Hapo kanibana. Kata ya Pugu Stesheni ipo kweli, na jina ni la reli hii hii aliyoianza Mjerumani mwaka 1905. Basi nikasimama kwenye umande, koti langu limefungwa vifungo vyote, natoa somo: hii upana wake mita moja, ile mita moja na milimita 435. Hii inakula dizeli, ile inavuta umeme juu, inakimbia kilomita 160 kwa saa. Kijana ananisikiliza kwa adabu, pikipiki inanguruma. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo nikupeleke ile ya milimita?"

"Nipeleke!"

"Buku tatu."

Buku tatu! Jamani, treni yenyewe Pugu mpaka mjini ni buku moja! Nikamwambia. Akasema, "Basi panda treni ikupeleke kwenye treni." Mama wa vitumbua akacheka mpaka akaunguza. Yule mama simjui hata jina.

Nikalipa. Tumefika, ndiyo inaondoka, inateleza kimya kama nyoka. Ile ya zamani ulinunua machungwa dirishani, ukadai chenji, ukagombana kidogo, ndipo ikaanza kujivuta. Hii haina shemeji.

Nikampigia dada. "Usijali, shemeji yako yuko huku huku Moro, atapeleka yeye." Shemeji! Mtu aliyesimama kwenye harusi akaombea marehemu! Akiona pilau yule, mahari yoyote anaitikia, hata wakitaja ng'ombe wa mnada mzima wa Pugu. Na ng'ombe nani anajua bei yake siku hizi, mimi nyama naisikia kwa majirani.

Koti lenyewe la jirani. Hapa nalikung'uta vumbi mlangoni, naye huyo anakuja, anatabasamu tangu mbali, nadhani anataka kujua posa imepokelewaje.