Theluji haba, hatari si haba

Hapa Kigoma ubishi wa kijiweni hauchagui mada. Video ya kijana anayeteleza juu ya ubao kwenye mlima wa Colorado, Marekani, mahali pasipo lifti wala mlinzi, mawe na vichaka vikichomoza kwenye theluji, inatosha kuwagawa wanywa kahawa wa Mwanga makundi mawili. Kundi moja linasema mwaka ambao theluji imekuwa ya kubahatisha watu wabaki nyumbani, na wakikaidi, serikali ifunge milima. Jingine linajibu: theluji ikiwa kidogo, cha kuporomoka nacho ni kidogo, waacheni wacheze. Hili la pili ndilo ninaloliunga mkono kwa uamuzi, lakini sababu yake siikubali hata kidogo.

Kwanza niipe sababu hiyo haki yake. Mteremko uliobaki majani na mawe matupu hauna cha kumfukia mtu. Tena anayekwenda milima ya mbali hupanda kwa miguu yake, akitumia ubao unaoachana vipande viwili wakati wa kupanda na kuunganishwa wakati wa kushuka. Hahitaji mitambo. Linganisha na michezo ya kulipia: katika Olimpiki ya Beijing ya 2022 karibu theluji yote ilitengenezwa kwa mashine, na Januari 2023, milima ya Alps ya Ulaya ilipokumbwa na joto lisilo la kawaida, eneo la Gstaad nchini Uswisi lilisombewa theluji kwa helikopta. Kama kuna anayestahili kulaumiwa kwa kulazimisha msimu, si huyu wa miguu.

Tatizo liko chini ya theluji yenyewe. Ardhi iliyofunikwa hubaki karibu na nyuzijoto 0, wakati hewa ya juu inaweza kufika 20 chini ya sifuri. Theluji ikiwa na kina cha mita mbili, tofauti hiyo husambaa polepole. Ikiwa na kina cha sentimita 40, tofauti ile ile inabanwa katika nafasi ndogo, mvuke hupanda kwa kasi kutoka chini, na chembe za theluji hujiunda upya: kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Kadiri ukame wa theluji unavyorefuka na baridi kuendelea, ndivyo tabaka hilo linavyozidi kuoza. Halafu siku moja dhoruba inafika. Theluji mpya inakaa juu kama bamba zito, chini hakuna kinachoishikilia, na waliokaa wiki nyingi wakingoja siku hiyo wanakimbilia mlimani wakiwa na uchu.

Huyo mwenye uchu ndiye hulifyatua bamba. Takriban mara tisa kati ya kumi, poromoko la theluji linaloua limeanzishwa na marehemu mwenyewe au mwenzake, na mengi hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ambayo ndiyo mitamu kuteleza. Pale theluji ilipo nyembamba, karibu na mwamba uliojificha, uzito wa mtu mmoja hulifikia tabaka bovu kwa urahisi zaidi. Na likiporomoka, hata likiwa dogo, linamburuza mtu juu ya mawe, miguu yake ikiwa imefungwa kwenye ubao.

Marekani iliyaona hayo msimu wa 2020–21. Theluji ya mapema ilikuwa chache, ikadhoofika, kisha ikaelemewa. Maporomoko yaliua watu 37 msimu huo. Tarehe 6 Februari 2021, huko Millcreek Canyon, Utah, watelezaji wanane walinaswa na wanne wakafa. Vifaa vya kutafutana walikuwa navyo. Vifaa ni vya lazima, sibishi, lakini nafasi ya aliyefukiwa kupona hushuka kwa kasi baada ya dakika 10 hadi 15 za mwanzo, na kifaa hakimkingi mtu na mwamba.

Je, basi milima ifungwe? Hapa wenzangu hutaja ziwa letu: Tanganyika ilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, na maisha yakaendelea (kwa shida, atakwambia yeyote aliyekuwa akitegemea dagaa wa Kibirizi). Mfano huo haunishawishi. Ziwa lilifungwa kwa sababu samaki ninayemvua leo ni wa jirani yangu pia. Theluji haizaliani, na anayeteleza hamwibii mtu msimu ujao. Anayeumia ni yeye, pamoja na waokoaji wanaomfuata, na hoja ya waokoaji ndiyo pekee yenye uzito upande huo: Colorado wengi wao ni wa kujitolea. Hata hivyo inatosha kudai watu wasome taarifa za hatari zinazotolewa kila siku wakati wa msimu, siyo kuweka kizuizi barabarani.

Ila hata anayezisoma ana mtego wake. Wazoefu wengi hujiwekea kanuni ya kusubiri siku moja au mbili baada ya dhoruba, theluji mpya itulie. Katika mwaka wa kawaida kanuni hiyo husaidia. Katika mwaka wa theluji haba, tabaka lile bovu la chini linaweza kubaki dhaifu kwa wiki kadhaa, na anayengoja kweli hapo ni yule anayekubali kuteleza kwenye miteremko ya chini ya nyuzi 30, isiyo na mteremko mkali juu yake, hata kama msimu mzima utakwisha hivyo.