Ile hela nimtumie nani?

Saa kumi na moja alfajiri, simu inalia mlio wa meseji. Nashtuka, nadhani kuna msiba. Kumbe: "Ile hela itume kwenye namba hii, ile nyingine ina shida." Hela gani? Na wewe nani?

Wiki iliyopita alikuja "mwenye nyumba" wangu, anataka kodi kwa namba mpya. Mwenye nyumba wangu ni mama mkwe! Jana mganga kaniita mjukuu, eti nyota yangu imefungwa. Ikifunguliwa, nadhani nitatapeliwa vizuri zaidi.

Wanaoniudhi kuliko wote ni wale wa "nimekosea kutuma." Meseji ya muamala inakuja imeandikwa kama ya kweli, isipokuwa imetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Dakika haijapita, anapiga, analia mtoto yuko hospitali, nimrudishie. Shangazi yangu alirudisha elfu themanini, za kwake mwenyewe, kabla hajaangalia salio. Nilipomuuliza akasema, "Mwanangu, alikuwa analia."

Na Watanzania tulipanga foleni juani kusajili laini kwa alama za vidole, laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020. Hawa matapeli wamesajiliwa kwa vidole vya nani? Piga *106# uone, huenda kuna laini kwa jina lako usiyoijua. Mimi namba zao nazituma 15040, namba ya kuripoti matapeli, bure, kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki.