Siku 65 kwa mwaka: Fred MacMurray na bei ya televisheni

Mwaka 1960 Wamarekani walimwona mwigizaji Fred MacMurray mara mbili, na mtu angeapa kwamba ni watu wawili tofauti. Katikati ya mwaka alikuwa kwenye majumba ya sinema katika The Apartment, filamu ya mwongozaji Billy Wilder, akiigiza Jeff Sheldrake, bosi wa kampuni ya bima mwenye mke na watoto nyumbani na kimada kazini. Septemba 29, mtandao wa televisheni wa ABC ukaanza kurusha My Three Sons, naye akaingia sebuleni mwa watu akiwa Steve Douglas, mhandisi wa ndege, mgane mpole mwenye kiko na wana watatu wa kulea. The Apartment iliondoka na Oscar tano, ikiwemo ya filamu bora. My Three Sons ilidumu misimu 12 na sehemu 380, hadi 1972. Sheldrake mwingine hatukumpata tena. MacMurray alifariki 1991 bila kugusa tena uhusika wenye giza namna ile.

Hapo ndipo wapenzi wa filamu za zamani wanapogawanyika. Kuna wanaosema televisheni ilimmeza mwigizaji mkubwa ikatutemea baba wa kwenye matangazo ya sabuni. Kuna wanaosema ilimwokoa mtu ambaye Hollywood ilikuwa karibu kumsahau. Kila upande una hoja, ila naona pande zote mbili zinaipa televisheni nguvu ambayo haikuwa nayo kwa mtu huyu.

Tuanze na wanaolia. Ushahidi wao mkubwa ni Double Indemnity ya 1944, ya Wilder huyohuyo. MacMurray alikuwa mpiga saksafoni aliyesajiliwa na studio ya Paramount mwaka 1934, akapata jina mwaka uliofuata kwa kuigiza na Claudette Colbert katika The Gilded Lily, kisha akatumiwa kwa miaka karibu kumi kama kijana mchangamfu wa vichekesho vya mapenzi. Mwaka 1943 alikuwa miongoni mwa waigizaji waliolipwa zaidi Hollywood. Hakuwa na sababu ya kuhatarisha ulaji huo, na Wilder alipomletea Walter Neff, wakala wa bima anayemuua mteja wake, alisita sana. Neff huyo tayari alikuwa amekataliwa na waigizaji wengine, akiwemo George Raft.

Tazama alichokifanya na kiberiti tu. Edward G. Robinson, akiwa Keyes, mkuu wa madai wa kampuni anayemwamini Neff kuliko anavyomwamini mtu yeyote, kila mara anataka kuvuta sigara lakini hana kiberiti. Neff anachomoa njiti, anaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, inawaka, anamwashia. Hasemi kitu, hata hamwangalii vizuri. Ni uungwana wa muuza bima aliyezoea kuwa mtu wa watu, na ndani ya uungwana huohuo kuna muuaji. Mwishoni, Neff akiwa amepigwa risasi na hana nguvu hata ya kuwasha sigara yake, ni Keyes anayewasha. MacMurray hakuhitaji sura mbaya kuigiza mtu mbaya. Alitumia sura yake ileile ya jirani mwema, akaacha sisi wenyewe tuitilie shaka. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar saba, Barbara Stanwyck, aliyeigiza mke wa mteja huyo, akiwemo. MacMurray hakuteuliwa, wala hakuteuliwa kwa filamu nyingine yoyote maishani mwake.

Katika The Apartment mambo ni hayohayo, ila yameiva zaidi. Mkesha wa Krismasi, Sheldrake amechelewa treni ya kurudi kwa familia. Fran, msichana wa lifti anayempenda, amemletea zawadi. Yeye hana zawadi, kwa hiyo anatoa pochi na kumpa noti ya dola 100 akanunue anachotaka. MacMurray anaitoa noti kama mtu anayelipa bili, bila ukatili wowote, na ndiyo maana inauma. Ajabu ni kwamba hata kazi hiyo aliipata kwa bahati: ilikuwa ya Paul Douglas, aliyefariki 1959 kabla ya kuanza kupiga picha. MacMurray alisita tena, safari hii akiwafikiria watoto waliompenda kwenye filamu za Disney. Baadaye alikuwa akisimulia jinsi mama mmoja alivyomtwanga na mkoba kwa hasira, kwamba amewezaje kuigiza mtu mchafu kiasi kile.

Kwa hiyo hoja ya wanaolia ni nzito: mtu mwenye kipaji hiki, miaka 12 ya ukomavu wake, anamshauri Chip, mmoja wa wale wana watatu wa My Three Sons, kuhusu kazi za shule.

Lakini wanaolia huwa wanairuka miaka ya 1950. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ambayo Paramount ilikuwa mshitakiwa wa kwanza, na studio kubwa zikalazimika kuachana na majumba yao ya sinema. Mikataba ya muda mrefu ikaanza kufa, watazamaji wakabaki nyumbani na televisheni zao mpya. Waigizaji waliokuwa waajiriwa wa kudumu wakageuka vibarua. MacMurray alipata kazi nzuri mbili tatu (The Caine Mutiny ya 1954 ni mojawapo), lakini sehemu kubwa ya muongo huo aliitumia juu ya farasi, katika filamu za makauboi ambazo leo hata mashabiki wake hawazitafuti. Aliyemrudisha kileleni ni Walt Disney, kwa The Shaggy Dog ya 1959, kichekesho cha kijana anayegeuka mbwa. Baba wa kwenye filamu hiyo ndiye aliyehamia televisheni mwaka uliofuata. Televisheni haikumvua ukuu wowote; ilimkuta akiwa tayari baba wa familia, tena baba anayeuza.

Na tusiudharau msimu wa kwanza wa My Three Sons. Peter Tewksbury aliuongoza kwa mkono wa mtu wa filamu: nyumba ya wanaume watupu yenye fujo, babu Bub akipika, baba asiyejua la kusema mbele ya kijana anayekua. Kuna utulivu na majonzi kidogo ndani yake ambayo vichekesho vingi vya zama zile havikuwa nayo.

Mimi ninapopata taabu ni kwenye mkataba. MacMurray alikubali kazi kwa sharti kwamba angefanya kazi siku 65 tu kwa mwaka. Msimu ulikuwa na zaidi ya sehemu 30. Mtayarishaji Don Fedderson akapanga hivi: miswada iwe tayari mapema, kisha matukio yote ya MacMurray yapigwe kwa mkupuo, kwa kufuata mahali na si hadithi. Leo jikoni, matukio ya jikoni ya sehemu nyingi. Anabadilisha sweta, anaingia tena mlango uleule, sehemu nyingine. Akimaliza siku zake anaondoka kwenda kwenye ranchi yake kaskazini mwa California, kuvua na kucheza gofu. Wenzake wanabaki miezi kadhaa wakijaza mapengo, wakizungumza na baba ambaye hayupo huku mtu mwingine akiwasomea maneno yake nyuma ya kamera. Nywele za watoto zilibidi zikatwe kila mara zibaki urefu uleule, kwa sababu tukio moja lingeweza kuanza mwezi huu na kumalizika baada ya miezi kadhaa.

Kibiashara, mpango huo ulikuwa na akili. Ulimwezesha kuendelea na filamu za Disney na kuwa nyumbani na mkewe June Haver na mabinti zao pacha, na Fedderson alikuja kuutumia tena na mwigizaji Brian Keith katika kipindi cha Family Affair. Mtu aliyefanya kazi studio kwa ratiba ya mwajiri tangu ujana ana haki ya kupanga ratiba yake. Hapo simlaumu.

Ila uigizaji wake mzuri siku zote ulikuwa wa kupokea. Neff ni Neff kwa sababu kuna Keyes mbele yake. Sheldrake anatisha kwa sababu tunauona uso wa Fran. Ukimtoa mtu wa kujibizana naye, MacMurray anabaki na tabasamu na kiko. William Frawley, aliyeigiza Bub, alikuwa ametoka kichekesho cha televisheni cha I Love Lucy, ambako walicheza mbele ya watazamaji, tukio baada ya tukio, na huu utaratibu wa vipandevipande haukumkaa sawa. Namwelewa kabisa.

Ndiyo maana siwezi kuisukumia televisheni mzigo huu. Lucille Ball, nyota wa I Love Lucy hiyohiyo, aliyekuwa mwigizaji wa kawaida wa mkataba pale studio ya RKO, alitumia televisheni hadi yeye na mumewe Desi Arnaz wakazinunua studio za RKO zenyewe mwaka 1957. Stanwyck, mwenzake wa Double Indemnity, aliingia kipindi cha The Big Valley mwaka 1965 akiwa na miaka 58, akapanda farasi, akashika bunduki, akaondoka na Emmy, tuzo ya televisheni. Chombo kilikuwa kilekile, na zama zilezile. Hao wawili waliiendea televisheni kutafuta kazi zaidi. MacMurray aliiendea kutafuta kazi kidogo, na akaipata.

Hata filamu zake za miaka hiyo zinasema hivyo. Bon Voyage!, Son of Flubber, Follow Me, Boys!, The Happiest Millionaire: zote za Disney, zote salama. Siku 300 za mwaka zilikuwa zake, na kama angetaka Neff mwingine, muda alikuwa nao. Hakutaka. Alishasita mara mbili mbele ya Wilder, na mara zote mbili ni Wilder aliyeshinda; safari hii hakukuwa na Wilder mlangoni.

Anayetaka kuamua mwenyewe asianze na misimu ya rangi, kipindi kilipohamia mtandao wa CBS mwaka 1965. Aanze na There's Always Tomorrow ya 1956, ya mwongozaji Douglas Sirk, ambamo MacMurray ni mtengenezaji wa midoli, ana mke, watoto na nyumba nzuri, na hakuna hata mmoja humo ndani anayemsikiliza. Kisha moja kwa moja aweke sehemu yoyote ya msimu wa kwanza wa My Three Sons. Ni baba yuleyule, ila safari hii ameridhika, na mimi hadi leo bado namtaka yule wa Sirk.