Mzee wetu alikuwa mtu wa mataruma

Kila ukoo wa Dodoma mjini una mzee wake aliyekuja na Wajerumani. Wa kwetu, kwa mujibu wa mchoro wa vizazi ambao baba mkubwa aliurusha kwenye kundi la ukoo, alikuwa askari wa Wissmann, kamanda wa Wajerumani. Aliingia Mpwapwa mwaka 1889, bunduki begani, na sisi vitukuu wake ni "uzao wa walowezi wa kwanza". Watu wakamwaga makofi. Binamu mmoja akataka tushone fulana.

Mimi ninayeshindwa kunyamaza nikaanza kupekua.

Wissmann alifika Mpwapwa mwaka huo kweli. Ila wengi wa askari aliokuja nao pwani wanajulikana walikotoka: Wasudani aliowaajiri Misri, na Washangaan wa Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Mzee wetu alikuwa Mnyamwezi, na hilo hata baba mkubwa halipingi, maana ndilo linalotuletea watani kila tukiwa na msiba. Sisemi haiwezekani Mnyamwezi kuwa askari. Walikuwepo. Ila kuna neno la shangazi, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote waliobaki na bado anaishi kijijini. Nilipompigia alicheka kwanza, kisha akasema: "Askari wa wapi, mwanangu? Babu yangu alikuwa akiweka mataruma. Kidole gumba cha mguu hakikuwa na ukucha, taruma lilimwangukia."

Basi. Mataruma hulazwa chini ya reli, na reli ina tarehe zake. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Dodoma ilifikiwa yapata 1910. Kampuni ya Philipp Holzmann ilijenga, na vibarua wengi walitoka Unyamwezi, watoto wa watu waliowahi kubeba pembe za ndovu mabegani hadi Bagamoyo. Mzee wetu anakaa vizuri zaidi hapo: kijana wa kambi ya reli, wenzake wakasogea magharibi na chuma chao, yeye akabaki. Zaidi ya miaka 20 imepungua kwenye mchoro, na bunduki imeondoka.

Niliandika hayo kwenye kundi. Kimya. Baadaye baba mkubwa akajibu kwamba vijana wa siku hizi tunapenda kujidhalilisha.

Hapo ndipo nisipomwelewa, pamoja na heshima zote ninazompa. Kibarua anatuaibisha nini? Kodi ya kibanda ilipoanza mwaka 1898, askari ndio waliotumwa kuidai. Kama mzee wetu kweli alikuwa na bunduki, basi kuna nyumba za Ugogo zilizomwona akija wakakimbiza mbuzi porini. Mimi ningeona haya zaidi kwa huyo kuliko kwa mtu aliyepoteza ukucha akilaza chuma ambacho watu walikipanda zaidi ya miaka 100. Na tusisahau kwamba baba mkubwa mwenyewe alikuja kwenye kikao cha harusi kwa treni ya umeme: asubuhi Dar, mchana yuko hapa anakula ugali wa uwele na mlenda. Reli inafaa kupandwa, ila haifai kuwa na babu aliyeijenga.

Na hilo neno "walowezi wa kwanza" ndilo lililoninyima usingizi. Wa kwanza kwa nani? Jina lenyewe la mji, wazee wanasimulia, limetoka kwa tembo aliyedidimia kwenye tope, na lazima kuna Mgogo aliyesimama pembeni akamwona anadidimia. Kabla ya Wajerumani, misafara ya Waarabu, Wanyamwezi na Wazungu ilikuwa ikilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi wa Ugogo ili ipite na kunywa maji. Stanley, yule msafiri Mzungu, alilipa mwaka 1871, na alinung'unika sana. Nchi ilikuwa na wenyewe. Ni kweli koo nyingi za Wagogo nazo husimulia kwamba zilitoka Uhehe, Ukaguru au huko huko Unyamwezi, kwa hiyo kuja si kosa wala si sifa. Kila aliyekuja alipokewa na mtu.

Nani alimpokea wa kwetu? Shangazi anasema alikuwa mikono mitupu. Ugogoni mahari ni ng'ombe, na kibarua wa reli hakuwa na hata mkia. Mjomba wa binti ndiye aliyetoa ng'ombe, ukweni wakatoa shamba, na shamba hilo ndilo tunalogombania mpaka leo. Babu yangu alizaliwa mwaka wa Mtunya, ile njaa iliyoimaliza Ugogo kati ya 1917 na 1920, jeshi la Wajerumani na la Waingereza yalipokwisha kupita na chakula, mifugo na wapagazi. Watu walikula mizizi. Wengine waliwaacha watoto kwa wenye akiba ili wapone. Babu alipona kwa kuwa upande wa mama yake kulikuwa na ghala ambalo halikuisha. Ningekuwa mimi nachora, ningeanza na ghala hilo.

Najua kwa nini hatukuanza hapo. Wajerumani waliacha makaratasi, yako Dar es Salaam kwenye Kumbukumbu za Taifa, na mtu akiona mwaka umeandikwa anajiona ameshika kitu. Mwenye ghala hakuandikwa na mtu.

Kwenye mchoro, kando ya jina la mzee, pana kisanduku kimeandikwa "mke, Mgogo". Nimeuliza kundi zima, watu 64, hakuna anayejua jina lake. Shangazi analijua. Kasema jina la bibi yake halitajwi kwenye simu, nipande basi nimfuate, na nisije mikono mitupu kama yule babu.