Ahazi, Hezekia na maji ya Yerusalemu

Mwambie mtu mwenye hofu amtegemee Mungu, hakosi wa kukujibu pembeni kwamba Mungu hakutupa mikono tuikunje. Sina ugomvi na jibu hilo, ila kutegemea na kukunja mikono ni mambo mawili, na Yerusalemu ya mwaka 701 KK inalionyesha hilo vizuri.

Senakeribu, mfalme wa Ashuru, ameingia Yuda. Kumbukumbu zake zinajigamba kuwa aliteka miji 46 yenye ngome, akamfungia Hezekia, mfalme wa Yuda, mjini Yerusalemu kama ndege tunduni. Hezekia hakuwa amekaa bure. Aliziba chemchemi za nje, akajenga ukuta, na yeye ndiye anayehusishwa na mfereji wa mita 533 uliotobolewa kwenye mwamba kutoka chemchemi ya Gihoni hadi birika la Siloamu. Wachimbaji walianzia pande mbili; maandishi yaliyoonekana humo mwaka 1880 yanasimulia kwamba zilipobaki dhiraa tatu, walisikia wenzao wakiita ng'ambo ya jiwe. Mji uliozingirwa bila maji haudumu, hata ukiwa na manabii kumi.

Lakini nabii Isaya, katika sura ya 22 ya kitabu chake, anazitaja kazi za namna hiyo, silaha, ukuta, birika, kisha analaumu. Wengi hudhani analaumu birika. Analolaumu ni kwamba hawakumtazama aliyeyapanga hayo tangu zamani.

Alikuwa na sababu. Miaka zaidi ya 30 kabla, Ahazi, baba yake Hezekia, alitishwa na wafalme wa Shamu na Israeli, moyo ukamtikisika kama miti ya msituni kwa upepo. Isaya alimkuta penye mfereji wa birika la juu, njia ya uwanja wa dobi, akamwambia atulie. Ahazi akaona ana akili kuliko hapo. Akachota fedha na dhahabu ya hekalu, akampelekea mfalme wa Ashuru aje amwokoe. Na akaokolewa kweli, Damasko ikaanguka! Ila tangu hapo Yuda ikawa mtumwa wa Ashuru, na jeshi la mwaka 701 lilikuja kwa sababu Hezekia alikataa utumwa huo. Amiri wa Senakeribu alipokuja kuwatukana watu wa ukutani, alisimama wapi? Penye mfereji uleule, njia ya uwanja wa dobi.

Hesabu hii wanaosifu kujitegemea hawaipigi. Aliyeshikwa na hofu hajitegemei kwa muda mrefu. Hofu humtafutia bwana. Anayechukua mkopo wa kausha damu usiku ili azime deni la jana anamwelewa Ahazi bila kuhubiriwa.

Upande wa pili, wa wanaohimiza kumtegemea Mungu, una swali zito nao: Lakishi, mji mwingine wa Yuda. Mji ule ulitekwa, na michongo ya jumba la Senakeribu, ambayo sasa iko London, inaonyesha familia zikiondoka na mizigo yao kwenye mikokoteni ya ng'ombe. Siamini kwamba Lakishi hakukuwa na aliyeomba. Anayeuza imani kama bima ya ushindi awaangalie wale kwanza.

Hezekia mwenyewe aliwahi kupita njia ya baba yake: talanta 30 za dhahabu, akibandua hata ya milango ya hekalu. Senakeribu akapokea, na vitisho vikaja vilevile, safari hii kwa barua. Hezekia akaisoma, akapanda nayo hekaluni, akaikunjua mbele za Bwana. Ukuta ulikuwa umeshajengwa, na hazina haikuwa na kitu.