Msinitumie wimbo bila jina la mpigaji

Simu yangu imejaa nyimbo zisizo na kwao. Zinaingia WhatsApp moja baada ya nyingine, zina majina kama "Zilipendwa kali za Tanga 4" au "Atomic original safi". Original ya lini? Imerekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) au Nairobi? Nani anacharaza solo? Aliyenitumia hajui, na aliyemtumia yeye naye hajui. Anachojua ni kwamba wimbo ni mtamu na marehemu baba yake alikuwa akiucheza. Kwenye utamu sibishani na mtu. Ila anayejiita mkusanyaji halafu haulizi maswali hayo, huyo anajaza kabati tu.

Kabati langu mimi, hapa Chumbageni, Tanga, bendi zetu za dansi za zamani, Jamhuri na Atomic, wamekaa rafu moja na Miles Davis na Duke Ellington wa jazz ya Marekani. Mama watoto alishakata tamaa ya kupata mahali pa kuweka vyombo. Nianze na Wamarekani, maana ndio walionifundisha kulinganisha.

Albamu ya Miles Davis, Kind of Blue, ilirekodiwa New York kwa siku mbili: tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili 1959. Siku ile ya Machi mashine kuu ya tepu ilikuwa ikizunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Tepu iliyorekodiwa polepole, ukija kuipiga kwa mwendo wa kawaida, inakimbia na sauti inapanda. Basi nyimbo tatu za upande wa kwanza zikatoka kwenye santuri zikiwa juu kwa karibu robo toni, zikauzwa hivyo dunia nzima kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1992 ndipo ilipotumika tepu ya akiba, iliyorekodiwa siku ileile na mashine nyingine yenye mwendo sahihi, na kosa likaondoka.

Mimi nina kaseti iliyonakiliwa kutoka santuri ya zamani, na nina CD iliyotoka baada ya marekebisho. Rafiki yangu mmoja, mpapasa kinanda kwenye bendi ya harusi, alikuja nyumbani na kinanda chake tukajaribu. Kwenye CD vidole vilikaa tangu noti ya kwanza. Kwenye kaseti akahangaika: kitufe hiki kiko chini, kinachofuata kiko juu, wimbo umekaa katikati. Akaniambia, "Kaka, deki yako imechoka, nunua nyingine." Tukageuza kaseti ileile, deki ileile, tukapiga upande wa pili, ule wa Aprili. Noti zikakaa sawasawa. Alinyamaza, akaomba turudie tena tangu mwanzo, na usiku ule hakwenda kwenye mazoezi.

Sasa ipi ndiyo yenyewe? Kuna watu waliolelewa na ile inayokimbia na hawataki kusikia nyingine. Nawaelewa. Lakini mimi nachukua iliyorekebishwa bila kusita: besi ya Paul Chambers inashuka pale inapotakiwa kushuka, na tarumbeta ya Miles haina ile haraka ndogo ambayo haikuwa yake. Kaseti hata hivyo siitupi. Bila hiyo nisingejua nini kimerekebishwa.

Mfano mwingine unaniudhi zaidi. Duke Ellington alipiga kwenye tamasha la Newport tarehe 7 Julai 1956, na usiku huo Paul Gonsalves akapuliza solo ya saksafoni akiuzunguka wimbo mara 27 mfululizo, watu wakasimama juu ya viti. Bahati mbaya alikuwa amesimama kwenye maikrofoni ya redio ya Sauti ya Amerika, siyo ile ya kampuni ya Columbia iliyokuwa ikirekodi santuri. Kwenye santuri anasikika kama mtu anayepuliza chumba cha pili. Tena sehemu ya muziki wa usiku ule ilipigwa upya studio siku chache baadaye, wakabandika na makofi, halafu jalada likasema ni Newport. Makofi ya kubandika! Hadi mwaka 1999, baada ya tepu ya redio kupatikana, ndipo walipozioanisha zile rekodi mbili, na Gonsalves akasogea mbele. Kwa hiyo mwenye ile ya 1956 na mwenye ile ya 1999 wakikaa kibarazani kubishana juu ya Ellington, hawazungumzii kitu kimoja.

Angalia aliyeokoa hapo ni nani: redio. Sauti ya Amerika ndiyo iliyokuwa na kipindi cha jazz cha Willis Conover tangu 1955, Kiingereza cha taratibu, neno moja moja, kikisafiri kwa mawimbi mafupi. Baba mkubwa wangu hakuwa na Kiingereza cha maana, lakini muziki wa kufungulia kipindi kile, Take the A Train, aliweza kuupiga mluzi mpaka mwisho. Na redio hiyohiyo ndiyo iliyomrekodi mpiga piano Thelonious Monk akiwa na mpuliza saksafoni John Coltrane ukumbi wa Carnegie Hall tarehe 29 Novemba 1957. Tepu zikakaa kimya kwenye maboksi karibu nusu karne, hadi mwaka 2005 mfanyakazi wa Maktaba ya Bunge la Marekani, Larry Appelbaum, alipokutana nazo. Kabla ya hapo mashabiki walikuwa wakiwasikia wale wawili pamoja kwa rekodi chache sana. Tepu zile hazikuwa zimepotea, zilikuwa hazijasomwa.

Hapo ndipo fikra zangu zinaporudi nyumbani. Miaka ya 1960 na 1970 hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri nchini. Bendi ilikuwa na njia mbili: kwenda RTD kurekodi kwa ajili ya hewani, au kuvuka mpaka kwenda Kenya, ambako kampuni zilitoa santuri. Sisi wa Tanga Mombasa ni jirani, na huko kulikuwa na duka la Assanand na lebo yake ya Mzuri. Wimbo mmoja ungeweza basi kuwa na maisha mawili, tepu ya redio na santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika.

Na ile santuri ndogo ilikuwa na ubabe wake. Upande mmoja unabeba dakika chache tu, hivyo wimbo mrefu ulikatwa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Mara nyingi A inabeba maneno, na B inaanza pale waimbaji wanapopisha magitaa. Ukinunua santuri ambayo upande B umekwaruzika (na ndiyo inayokwaruzika, kwa sababu ndiyo iliyochezewa zaidi) umebaki na hadithi bila dansi. Ndiyo maana nikisikia faili la WhatsApp linaishia ghafla kwenye dakika ya tatu, najua mtu alinakili upande mmoja akaridhika.

Mji huu haukuwa na bendi moja ya kubahatisha. Jamhuri Jazz walianza wakiitwa Young Nyamwezi, na jina hilo la kwanza linakupeleka moja kwa moja kwa watu wa bara waliofuata kazi ya mkonge. Atomic Jazz walikuwa washindani wao, na gitaa la John Kijiko. Ukiongeza Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vilivyomtoa mwimbaji Shakila na kuingiza magitaa ya umeme palipokuwa pamezoeleka udi na fidla, unaona kwamba wanamuziki wa Ngamiani, hapahapa mjini, walikuwa wakisikilizana kupitia dirishani. Mpiga gitaa wa taarab aliyepiga hivi kwa sababu jirani yake wa dansi alipiga vile: hilo huwezi kulisikia mpaka uweke rekodi mbili kando kwa kando, na huwezi kusema nani alimsikia nani mpaka ujue ipi ilitangulia. Mwaka ndio unaotoa jibu, na mwaka ndio tunaoutupa kwanza.

Nilimpelekea mzee mmoja wa Ngamiani, aliyewahi kushika gitaa la rithimu, nakala mbili za wimbo aliokuwemo. Nilitaka avae spika za masikioni, akakataa.

"Weka nje tusikie wote, mjukuu wangu. Muziki huu haukupigwa kwa ajili ya mtu mmoja."

Ya kwanza ikapita, akawa anatikisa goti. Ya pili haijafika mbali akanyoosha kidole.

"Huyu wa solo siye. Huyu alikuja baadaye. Sikiliza anavyomalizia, anarudi nyuma kidogo ndipo aache. Yule wa kwanza hakuwa na tabia ya kurudi."

"Shikamoo masikio yako, babu."

"Marahaba. Ngoja, ngoja hapo. Umesikia? Hapo nimekosa mimi, na wenyewe wakaacha hivyohivyo."

Mie nilikuwa nimelisikiliza lile kosa kwa miaka nikidhani ni ufundi. Bado nadhani ni ufundi, kwa kweli.

Jazz ya Marekani ilipata kumbukumbu yake kwa watu wa namna hiyo: mashabiki waliowabana wanamuziki kwa maswali ya kero. Mwaka 1936 Mfaransa Charles Delaunay alichapisha orodha ya rekodi za jazz ikionyesha nani alipiga nini na lini. Mfaransa, siyo Mmarekani. Nasi tumepata Wafaransa na Waingereza wetu. Mkusanyiko wa taarab ya Tanga ulitolewa na GlobeStyle ya London, na nyimbo za dansi za miaka ya 1960 zikatolewa Ufaransa na Buda Musique mwaka 2007 kwenye mfululizo wa Zanzibara. Nimevinunua vyote, na vijitabu vyake nimevisoma hadi vimechakaa. Siwalaumu wageni hata chembe. Linalonichoma ni kusoma kwenye kijitabu kilichochapishwa Paris jina la mtu ambaye jamaa zake nawasalimia njiani kwenda sokoni.

Kuna kundi jingine nalo niliseme: wanaotaka santuri ya toleo la kwanza tu, isiyo na mkwaruzo, wakishaipata wanaifunga kwenye nailoni na hawaipigi. Hao wamekusanya plastiki. Mimi nakala mbovu yenye lebo inayosomeka naipenda kuliko nzima yenye lebo iliyobanduka, kwa sababu lebo ina namba, na namba za kampuni moja ukizipanga kwa mfuatano zinaanza kukupa mwaka.

Tanga yenyewe haina huruma na vitu hivi. Hewa ya bahari inaleta ukungu, joto linapinda santuri iliyolazwa. Zisimamisheni wima, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Santuri za mizunguko 45 zioshwe kwa maji na sabuni kidogo bila kulowesha lebo. Zile nzito za mizunguko 78 msizipake spiriti kabisa, maana zimetengenezwa kwa utomvu unaoyeyuka. Kaseti zirudishwe mwanzo na kupigwa mara mojamoja, zisigande. Na kabla ya kunakili kwenda kwenye simu, piga picha ya lebo, pande zote mbili, uitume pamoja na wimbo. Hiyo ndiyo ada yangu ya kuniingiza kwenye kundi lolote la WhatsApp.

Kwa sasa natafuta santuri yoyote ya Jamhuri ya mizunguko 45 yenye upande B unaosikika. Sina fedha za Wazungu. Nina Ellington wa 1956 mwenye makofi ya kubandika, hali nzuri, jalada limetafunwa pembeni na mende. Mwenye haja tubadilishane.