Ziwa moja, wakaguzi wangapi?

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Picha zile hazijanitoka: mkia umebaki juu ya maji, watu wamejipanga ufukweni wanavuta kamba. Ndani walikuwamo watu 43. Kumi na tisa hawakurudi nyumbani, marubani wote wawili wakiwamo.

Tangu siku ile, nikikaa dirishani namfuatilia kwa macho fundi anayeizunguka ndege kabla haijaondoka. Anainama kwenye matairi, anamulika tochi chini ya injini, anapapasa ukingo wa bawa. Huyo abiria wote wanamwona. Asiyeonekana ni mkaguzi wa serikali, yule anayekuja bila taarifa, anafungua kitabu cha matengenezo, anauliza kipuri hiki kimetoka wapi na nani alikitilia saini, kisha ana uwezo wa kusema ndege hii leo hairuki. Watu wa namna hiyo hawatutoshi, na kila nchi inahangaika kuwatafuta kivyake.

Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku mashirika yote ya ndege yenye vyeti vya Tanzania kuruka katika anga lake. Niliumia sana. Wengi walisema ni njama, lakini sababu zilizotolewa zilihusu usimamizi: wataalamu wenye sifa ni wachache, ukaguzi ni dhaifu. Majirani zetu wa Kongo wamo kwenye orodha hiyo kwa miaka mingi.

Mkaguzi hapatikani kwa kutangaza nafasi ya kazi. Lazima awe amerusha ndege au amezitengeneza kwa miaka, aijue aina ile ile anayoikagua, na arudi darasani mara kwa mara. Ukishamsomesha, shirika la ndege linamchukua kwa mshahara ambao serikali haiufikii. Nchi yenye ndege mbili tatu za aina fulani itamweka vipi mtaalamu wa aina hiyo mwaka mzima? Nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikichanga, zitamweka.

Na chombo tunacho. CASSOA, wakala wa Jumuiya wa usalama wa anga, ipo tangu 2007, makao yake Entebbe, kwenye ziwa lile lile. Imefanya kazi nzuri ya kuoanisha kanuni za nchi zetu. Ila haitoi cheti wala haimnyang'anyi mtu cheti. Neno la mwisho ni la kila nchi. Wapo wanaosema kuipa nguvu hizo ni kuuza uhuru wetu. Sikubaliani nao kabisa. Nchi nyingi za Afrika Magharibi na ya Kati ziliikabidhi ASECNA, wakala wao wa pamoja, kazi ya kuongoza ndege angani tangu 1959, na bendera zao bado zinapepea. Sisi wenyewe tulikuwa na shirika moja la ndege tangu 1946 hadi 1977. Jumuiya ya zamani ya Kenya, Uganda na Tanzania ilipovunjika, hata chuo cha marubani cha Soroti, kilichoanzishwa 1971 kwa ajili ya nchi zote tatu, kikabaki cha Uganda peke yake.

Viongozi wa Afrika walizindua soko moja la anga, yaani ndege za nchi moja kuruka kwa uhuru kwenda nchi nyingine, pale Addis Ababa mwaka 2018, na hotuba nyingi tangu hapo ni za soko hilo. Nami nataka tiketi nafuu. Lakini kufungua milango ya anga huku kila nchi ikikagua kwa uwezo wake mdogo kunanitia hofu.

Tiketi zetu hapa Tanzania tayari zina ada ya usalama ndani yake. Sehemu ya fedha hiyo iende Entebbe, na majirani wafanye hivyo hivyo, imlipe vizuri mkaguzi ambaye saini yake itaizuia ndege isiruke iwe Bukoba, Kisumu au Bujumbura, bila kuuliza pasipoti yake ni ya wapi.